Kipimo cha IDEA kwa wazee wa upasuaji Mtwara na Lindi: kinapofaa na kinapokwama

"Tangu atoke thieta, babu si yule." Muuguzi yeyote wa wodi ya upasuaji ameisikia kauli hiyo, iwe Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine pale Lindi. Ndugu wanaosema hivyo mara nyingi wameona jambo la kweli. Lakini anayetaka kujua ni wazee wangapi wa kusini wanaodorora akili baada ya kupasuliwa busha, ngiri, tezi dume au nyonga hawezi kutegemea kauli peke yake. Anahitaji kipimo kinachomfaa bibi wa Tandahimba ambaye hakukaa darasani hata siku moja, kinachotoa jibu lilelile mikononi mwa wapimaji wawili, na kinachoonyesha tofauti ya leo na ya mwezi uliopita. IDEA, kipimo kifupi cha kumbukumbu na akili, kinatimiza sharti la kwanza vizuri kuliko vingine vyote tunavyovijua. La pili linategemea mafunzo ya wapimaji. La tatu hakilitimizi, na hapo ndipo tafiti nyingi zinaweza kupotea njia. Kwa kuchuja tunakipa nyota tano. Kwa kupima mabadiliko kikiwa peke yake, mbili.

Kipimo hiki kilitengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kikahakikiwa Tanzania na Nigeria, kwa lengo la kugundua demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, kwa wazee wasiojua kusoma. Kina vipengele sita: kueleza daraja ni kitu gani, kutaja jina la kiongozi wa kijiji, kutaja wanyama wengi iwezekanavyo kwa dakika moja, kujua leo ni siku gani ya wiki, kukumbuka maneno kumi baada ya muda kupita, na kupanga njiti nne za kiberiti zifanane na mfano. Alama za juu ni 15, na anayepata 7 au chini yake huhesabiwa kuwa huenda ana demensia. Hakuna kuandika, kusoma wala kuchora. Kazi nzima huchukua dakika kumi hivi, na vifaa vyake havizidi fomu, saa yenye mshale wa sekunde na kiberiti.

Maswali sita ni machache, lakini kila moja lina mtego wake huku kwetu. "Daraja" kwa Kiswahili ni la mtoni, na pia ni cheo au ngazi. Mzee aliyekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako mito ya juu ya ardhi ni nadra, anaweza kuanza kueleza daraja la mwalimu. Hilo si kosa la akili. Mpimaji arudie swali mara moja kwa maneno yaliyokubaliwa katika mafunzo, yaleyale kwa kila mgonjwa, asibuni yake papo hapo. Jina la kiongozi nalo linataka maandalizi: baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 wenyeviti wengine ni wapya, na mpimaji asiye na orodha ya wenyeviti wa vijiji na mitaa ya eneo la utafiti hana namna ya kujua kama jibu ni sahihi. Orodha hiyo iandaliwe kabla ya mgonjwa wa kwanza, na ihuishwe kila kiongozi anapobadilika.

Siku ya wiki inaonekana nyepesi kuliko yote. Pwani kuanzia Kilwa hadi Msimbati wazee wengi huhesabu siku kuanzia jua linapozama, kwa hiyo Alhamisi baada ya magharibi kwao tayari ni usiku wa Ijumaa. Mpimaji anayepita wodini saa mbili usiku akaandika kosa amemwonea mzee. Dawa yake ni kuuliza swali hili mchana tu, au kupokea majibu yote mawili baada ya magharibi, na uamuzi huo uandikwe kwenye mwongozo.

Wanyama ndio kipengele chenye utajiri mkubwa, na ndicho kinachoharibiwa kirahisi. Kwa wengi neno "mnyama" halimjumuishi samaki wala ndege. Mvuvi wa Mikindani anayejizuia kutaja changu, tasi na nguru ataonekana mgumu wa maneno kuliko mkulima wa Nachingwea, ilhali tofauti ni ya tafsiri tu. Maelekezo yaseme wazi: "Taja kiumbe chochote mwenye uhai, wa nyumbani, wa porini, wa majini au wa angani." Majina ya Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua yapokelewe, ila mnyama mmoja akitajwa kwa lugha mbili ahesabiwe mara moja. Kuku, jogoo na kifaranga ni mmoja au watatu? Sheria yoyote inafaa, mradi ni moja kwa wapimaji wote. Kisha liko jambo kubwa zaidi: fomu ya IDEA hugeuza idadi ya wanyama kuwa alama chache tu. Kwa kuchuja demensia hilo halina madhara. Kwa utafiti wa upasuaji ni hasara, kwa sababu mzee aliyetaja 17 kabla na 10 baada anabaki na alama ileile. Andika idadi kamili pembeni ya fomu, na urekodi sauti kwa ridhaa yake, maana mpimaji anayeandika haraka hupoteza majina.

Njiti za kiberiti hupimwa mezani, na wodi nyingi hazina meza ya ziada. Godoro haliwezi kuwa meza. Chukua ubao mgumu wa kushikia karatasi au sinia bapa, zima feni kwa dakika mbili, funga dirisha kama upepo wa bahari unaingia. Mpimaji akae ubavuni mwa mgonjwa. Akikaa mbele yake mfano unageuka juu chini, na kila mmoja anaona umbo lake. Vichwa vya njiti ni sehemu ya jibu, hivyo njiti zilizokwisha kuwashwa hazifai. Na kanula, yaani mrija wa dripu, ikiwa imewekwa mkono wa kulia wa mtu wa mkono wa kulia, kupanga njiti siku ya pili baada ya upasuaji kunapima maumivu ya mkono. Wataalamu wa usingizi waombwe mapema waiweke mkono wa pili inapowezekana, isipowezekana, iandikwe.

Maneno kumi ndiyo moyo wa kipimo. Husomwa kwa mwendo mmoja, kwa sauti ya kawaida, mara tatu, na kila mara mzee hurudia anayoyakumbuka. Baadaye huulizwa bila kusomewa tena. IDEA huhesabu ile ya mwisho. Kwa utafiti wa kabla na baada, weka alama za mizunguko yote mitatu pamoja na ya mwisho, kwa sababu kujifunza na kutunza ni kazi mbili tofauti, na upasuaji unaweza kugusa moja bila nyingine. Hapa kuna kosa ambalo hatujui namna ya kulirekebisha likishatokea: kutumia orodha ileile kila ziara. Mzee aliyesikia maneno hayo Machi atayakumbuka baadhi Aprili, na utafiti utatangaza kwamba upasuaji umemwongezea akili. Tengeneza orodha tatu zinazolingana kwa urefu wa maneno na kwa mazoea ya watu, halafu gawa mpangilio wake kwa bahati nasibu, wengine waanze na ya kwanza, wengine ya pili, wengine ya tatu. Usiweke korosho, mnazi na embe katika orodha moja. Zinashikana zenyewe, na anayekumbuka moja ameokota zote.

Vipimo vingine vimewekwa wapi? MoCA kina alama 30 na kinapendwa sana katika tafiti za nje, lakini mpimaji hutakiwa kupitia mafunzo ya kulipia na kupata cheti, na toleo la asili linadai kuchora mchemraba, kuunganisha herufi na namba, na kutaja maneno yanayoanza na F. Kwa Kiswahili herufi ya kwanza haina maana ileile: ukichagua K, mtu anamimina kula, kulala, kulima bila kuchoka. Maneno ya kukumbuka katika toleo hilo yana mahameli na ua la daisi. Kuongeza alama moja kwa asiyefikisha zaidi ya miaka 12 ya shule hakufidii pengo la mtu ambaye hakushika kalamu. Toleo lake la msingi, lililoundwa kwa wasio na elimu kubwa, ni bora zaidi na linastahili kuhakikiwa huku. MMSE cha 1975 kina hakimiliki na kinataka mtu aandike sentensi. RUDAS, kutoka Australia, ni cha bure, na orodha yake ya dukani (chai, mafuta ya kupikia, mayai, sabuni) ingeuzika hata gengeni Chikongola. Kinachokikwamisha ni mchemraba wa kuchora.

Kuhusu kuchora saa, ambako kumo katika MoCA na katika Mini-Cog, kipimo kingine kifupi, tahadhari ni kubwa. Kipimo cha asili kinataka mshale mfupi uelekee 11 na mrefu uelekee 2. Aliyetafsiri "saa kumi na moja na dakika kumi" amemwagiza mzee achore alfajiri au jioni, na mshale mfupi utakwenda kwenye 5. Tafsiri sahihi ni "saa tano na dakika kumi", lakini hapo tena mtu anasikia tano na kuona 11, kazi ya akili ambayo kipimo cha asili hakikuikusudia. Alama za saa za hapa hazilinganishwi na za Ulaya.

Kabla ya kupima kudorora lazima utenge kuweweseka, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakokuja na kuondoka. Tangu 2018 kundi la kimataifa la wataalamu lilipopendekeza majina mapya, mambo yanagawanywa kwa muda: kuweweseka ni ndani ya wiki moja au hadi mgonjwa aruhusiwe, kuchelewa kupona kwa akili ni hadi siku 30, kuanzia hapo hadi miezi 12 ndipo linapotumika jina la tatizo la utambuzi baada ya upasuaji, na linahitaji vitu vitatu kwa pamoja: malalamiko ya mgonjwa au ndugu, kushuka kwa kipimo, na hali ya shughuli zake za kila siku. IDEA iliyofanywa siku ya pili kwa mzee anayeweweseka haipimi chochote cha kudumu.

Kwa kuweweseka tunapendekeza 4AT, cha bure, chini ya dakika mbili, ambapo alama 4 au zaidi huashiria tatizo. Nacho kina tundu lake la Kiswahili. Kinataka miezi itajwe kinyumenyume kuanzia Desemba ili kupima umakini. Wazee wengi husema mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi. Hiyo ni kuhesabu kurudi nyuma, kazi nyepesi kuliko kurudisha majina, na mgonjwa aliyetawanyika anaweza kuipita. Usibadilishe fomu kienyeji. Andika mgonjwa ametumia njia ipi, kisha changanua makundi hayo kila moja peke yake. Pima mara mbili kwa siku kwa siku tatu hadi tano za mwanzo, na moja iwe jioni, kwa kuwa hali hii huja na kuondoka na raundi ya asubuhi huikosa. Anayekosekana zaidi ni mzee mtulivu, aliyelala kimya akitazama ukuta, ambaye kila mtu anamsifu kwa kutosumbua.

Hapo wodi za kwetu zina hazina ambayo hospitali nyingi za nje hazina: ndugu wapo. Aliyeleta uji asubuhi ndiye aliyelala sakafuni usiku. Swali moja, "Tangu jana bibi yuko kama kawaida yake, au amebadilika?", liulizwe kila ziara na jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mabadiliko, ambako ndiko tunakokibana IDEA zaidi. Mzee akipata 12 kabla na 10 baada, amedorora? Hakuna anayeweza kujibu bila kundi la ulinganisho: watu wa umri huohuo, elimu ileile, kutoka vijiji vilevile, wasiopasuliwa, waliopimwa mara mbili kwa muda uleule. Utafiti mkubwa wa ISPOCD, wa kimataifa kuhusu kudorora kwa akili baada ya upasuaji, uliochapishwa 1998, ulifuata wagonjwa 1,218 wa miaka 60 na zaidi. Wiki moja baada ya upasuaji asilimia 25.8 walikuwa wamedorora, na miezi mitatu baadaye asilimia 9.9. Lakini katika kundi la ulinganisho nako kulionekana asilimia 3.4 na 2.8, watu ambao hakuna aliyewagusa kwa kisu. Bila hao, hesabu ya kwanza ingekuwa na uongo ndani yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mabadiliko ya mgonjwa, toa wastani wa mabadiliko ya kundi la ulinganisho, gawanya kwa mchepuko sanifu wa mabadiliko hayo, yaani kiasi ambacho watu wa kundi hilo hutofautiana wao kwa wao. Mfano wa kubuni: wasiopasuliwa wameongeza wastani wa neno 1.2 kwa mazoea, mchepuko ni 2.0. Bi mmoja ameshuka kutoka maneno 9 hadi 6. Ni −3 kutoa 1.2, sawa na −4.2, gawanya kwa 2.0 unapata −2.1. Amevuka mpaka wa 1.96 uliotumiwa na ISPOCD. Angelinganishwa na nafsi yake tu, −3 gawanya kwa 2.0 ni −1.5, na angehesabiwa mzima. Lakini ISPOCD hawakumhukumu mtu kwa kipimo kimoja: walitaka vipimo viwili vivuke mpaka huo, au jumla ya vyote ivuke. Ndiyo maana IDEA isindikizwe na vingine visivyohitaji shule: maneno kumi kwa mizunguko yote, idadi kamili ya wanyama, kurudia tarakimu mbele na nyuma, na maumbo ya njiti magumu zaidi ya lile moja.

Kundi la ulinganisho lisiwe ndugu wanaouguza. Mtu asiyelala siku nne, anayewaza nauli na chakula, atapimwa vibaya mara ya kwanza na vizuri mara ya pili, na hapo mgonjwa wako ataonekana ameharibika kuliko alivyo. Majirani wa kijijini wanafaa zaidi.

Kipimo cha mwanzo kisifanyike asubuhi ya upasuaji, mzee akiwa na njaa na hofu. Siku moja hadi saba kabla, penye faragha, baada ya shikamoo na habari za nyumbani zilizoulizwa bila haraka. Dakika tano za salamu hizo si za kubanwa. Mwambie siyo mtihani na hakuna wa kumcheka. Akiwa anaelewa Kimakonde kuliko Kiswahili, apimwe kwa Kimakonde mara zote, na mtu yuleyule ikiwezekana.

Fomu iwe pia na nafasi ya mambo yanayojifanya kudorora: maumivu (0 hadi 10), usingizi wa jana, homa na kipimo cha malaria, wingi wa damu, sukari, mpira wa mkojo, na dawa za saa 24 zilizopita, hasa diazepam, pethidini na atropini. Ketamini, dawa ya usingizi, huleta maruweruwe wakati mgonjwa anaamka. Siku hiyo usipime. Aina ya usingizi iandikwe, ila isihukumiwe mapema. Imani kwamba nusu kaputi ndiyo inayoharibu akili na ganzi ya mgongo ni salama haikuthibitishwa na utafiti wa REGAIN wa 2021: kati ya wagonjwa 1,600 wa kuvunjika nyonga Marekani na Kanada, kuweweseka kulikuwa karibu sawa pande zote mbili, asilimia 20.5 kwa ganzi na 19.7 kwa nusu kaputi. Wagonjwa wa mtoto wa jicho wachanganuliwe peke yao, kwa kuwa baada ya upasuaji wanaona njiti ambazo awali hawakuziona.

Kibali cha maadili ni cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na taarifa za wagonjwa ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sauti zilizorekodiwa zihifadhiwe bila majina. Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti mbele ya shahidi, na iulizwe upya mgonjwa akishatoka kwenye kuweweseka.

Ratiba ya ufuatiliaji ndiyo inayovunja tafiti za kusini. Aliyepasuliwa Julai anatimiza miezi mitatu Oktoba, korosho zikiwa zinaokotwa na minada ikiendelea. Hatakuja hospitali kutaja wanyama. Wa Desemba anaangukia Machi, barabara za Liwale zikiwa matope. Weka dirisha la wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya tarehe, tenga fedha za bodaboda kumfuata nyumbani, na chukua namba tatu za simu: yake, ya mtoto, na ya jirani mwenye duka. Kwa simu unaweza kupima maneno, wanyama na tarakimu, siyo njiti, na ya simu yasichanganywe na ya ana kwa ana. IDEA ina pia orodha ya maswali ya shughuli za kila siku, nayo huulizwa ndugu hapohapo: bado anahesabu mwenyewe fedha za mnada, bado anatumwa dukani akarudi na vitu sahihi? Asiyepatikana kabisa aandikwe sababu, kwa kuwa mzee aliyedorora ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutorudi, na kumfuta kimyakimya kunafanya upasuaji uonekane salama kuliko ulivyo.